Msiba Mlinirushia, Mbio Zinawashindaje?

Kwenu ndugu zangu wa Bunda, kuanzia stendi hadi Balili, na ninyi wa Nyamuswa, Kibara na Kisorya. Na kwenu pia mnaoandaa mbio za magari nchini, popote mlipo, Dar es Salaam, Arusha, Morogoro au Iringa.

Barua hii ina jambo moja, na naiandika nikiwa nimekasirika.

Mnajua kwamba huku Jyväskylä, Ufini, natunza wazee. Mmoja wao, tangu aliposikia natoka jirani na Kenya, haniiti tena jina langu, ananiita Safari. Ananihesabia kwa vidole Wafini wenzake walioshinda Safari Rally: Hannu Mikkola mwaka 1972 na 1987, Ari Vatanen 1983, Juha Kankkunen mara tatu, Tommi Mäkinen mara mbili, na huyu kijana wa hapahapa mjini, Kalle Rovanperä, 2022 na 2024. Akimaliza madereva anaingia kwenye magari. Sasa juzi, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia kwetu kuna raundi ya ubingwa wa taifa mwishoni mwa juma, akaniuliza nani kashinda. Sikuwa na la kumjibu. Si kwamba sikutafuta. Nilitafuta Jumamosi kutwa, na Jumapili nikatafuta tena baada ya zamu. Nikaambulia vipande vya video: gari linapita, vumbi, watu wanapiga kelele, kwisha. Gari la nani, kapoteza muda gani, nani anaongoza, hakuna. Matokeo nikayakuta Jumatatu, karatasi iliyokunjwa imepigwa picha, nusu ya majina ya wasoma ramani hayasomeki.

Linganisheni na hili. Tangu 2018 mbio za ubingwa wa dunia zinarushwa mubashara mtandaoni, hatua zote. Unalipia, unafungua simu, unatazama. Pasaka ya 2024 nilikuwa nimejifunika blanketi namtazama Rovanperä akilikata vumbi la hatua ya Kedong, kwenye Safari Rally ya Naivasha, na kesho yake nikauona mlima wa Sleeping Warrior kutoka juu ya helikopta. Katikati ya hapo mdogo wangu akapiga simu kutoka Bunda kuniuliza Naivasha kunakwendaje. Niambieni kama hilo halichomi. Chukueni ramani mpime kwa rula: Dar es Salaam iko mbali na Bunda zaidi ya mara mbili ya ilivyo Naivasha. Unapanda gari la Sirari, unavuka mpaka, unapita Kisii na Narok, umefika. Na bado habari za Naivasha inabidi zipande hadi kaskazini ya Ulaya, ndipo ziteremke Bunda kwa mdomo wangu.

Wala msiniambie mbio ni mambo ya Wakenya na Wazungu. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye kwa miaka mingi yaliitwa East African Safari. Aliyeshinda mwaka 1966, na tena 1967, alikuwa Bert Shankland, Mskoti mkazi wa Dar es Salaam, akiendesha Peugeot 404. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza saba tena, mvua na matope vimeyameza mengine yote. Barabara zetu ndizo zilizoyapa mashindano hayo jina la kuogopwa duniani kote. Leo tunaongea kama wageni waalikwa.

Marehemu baba alikuwa na redio ya betri, na Pasaka, siku za Safari Rally, ilipofika hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitufe. Kwetu Mara idhaa ya Kenya ilishika vizuri. Mtangazaji anataja gari, anataja mji lilikopita, anataja dakika, na baba anarudia kwa sauti ili na walioko jikoni wasikie. Ndivyo nilivyomjua Kankkunen kabla sijajua kwamba kuna nchi inaitwa Ufini. Mwaka 1994 Ian Duncan, Mkenya, aliposhinda na Toyota Celica, mtaa wetu ulijua siku ileile. Kwa redio ya betri tulijua siku ileile. Kwa simu hizi za kupangusa mnazozibadilisha kila mwaka, tunasubiri Jumatatu.

Na kisingizio cha mtandao hakiniingii, nitawaambia kwa nini. Baba alipofariki sikuja. Karatasi zangu za ukaaji zilikuwa hazijatoka, ningetoka nisingerudi. Wengine mlinielewa, wengine mpaka leo mnanisema, na sina neno la kuwajibu. Siku ile mtoto wa mjomba alifunga simu kwenye tawi, akanirushia msiba tangu sala ya kwanza hadi udongo wa mwisho. Nje kabisa ya mji, shambani, simu ya kawaida, na jamaa wawili wamekaa tayari kuongeza bando. Nilisikia sauti ya mama. Nilimwona kila aliyeshika koleo, na niliona mahali ambapo ningesimama mimi. Hakuna kituo cha televisheni kilichokuja, hakuna mkandarasi, hakuna kikao cha bajeti. Mtandao ulionifikishia kaburi la baba unashindwaje kunifikishia gari linalopita kwenye kona nje ya Morogoro?

Ninachotaka ni hiki. Mashindano yoyote yanayohesabiwa kwenye ubingwa wa taifa yasipewe kibali mpaka mwandaaji aonyeshe jinsi atakavyoyarusha mubashara mtandaoni, bure, kwa Kiswahili. Pale pale anapotakiwa kuonyesha gari la wagonjwa na daktari, aonyeshe na hili. Hana, gari lisiwashwe.

Najua hatua ya mbio si uwanja wa mpira. Ni kilomita nyingi za barabara ya vumbi, na gari likikufikia unaliona kwa sekunde chache tu. Kwenye ubingwa wa dunia wanaweka kamera ndani ya magari, wanarusha helikopta, na juu zaidi kunazunguka ndege inayopokea mawimbi na kuyapeleka kituoni. Pesa hiyo hatuna na siiombi. Naomba sehemu tatu tu katika hatua: mwanzo, kona moja nzuri yenye mtandao, na mwisho. Kila sehemu simu moja kwenye stendi, kijana mmoja anayejua anachokiangalia, na betri ya akiba. Mtandao ukiyumba, vipo vifaa vya kubeba mgongoni vinavyounganisha laini za kampuni kadhaa kwa mpigo, moja ikikatika nyingine inashika. Pasiposhika kabisa, rekodini, bodaboda awahishe kadi hadi panaposhika, mtuonyeshe baada ya nusu saa mkisema wazi kwamba ni ya nusu saa iliyopita. Nitasubiri, nimeshazoea kusubiri.

Lakini kabla hata ya picha, muda. Muda wa kila gari uingie mtandaoni gari linapomaliza hatua, mbele ya macho ya kila mtu. Wapiga saa wapo mwisho wa kila hatua, namba wanazo mkononi, wanaziandika. Kwa nini namba hizo zilale kwenye karatasi mpaka jioni? Gari bila muda ni gari linalopita tu, hata la magunia ya dagaa linapita.

Halafu sauti. Nchi hii ina watangazaji wa mpira ambao wakiwa redioni unamwona winga anavyoinua kichwa. Chukueni mmoja wao, mkeni na fundi na msoma ramani wa zamani mpaka ajue kwa nini tairi huchaguliwa asubuhi na kwa nini dereva hupunguza mwendo kabla ya mtaro, kisha mpeni maiki. Hata picha ikikatika sauti ibaki. Na picha yenyewe iwe nyepesi. Mtu wa Kibara hana haja ya kuhesabu kokoto, ana haja bando lake lifike mwisho wa hatua. Mwenye kibanda umiza pale mjini akipata mbio za bure Jumamosi asubuhi, kabla mpira wa Ulaya haujaanza, atawasha, na watoto watakaa.

Mtanijibu kwamba wadhamini hawapo. Mdhamini hulipa ili stika yake ionekane, na ninyi mnaificha kwenye vumbi la watu mia mbili waliosimama kandokando. Mwaka 2021 mpira wa ligi yetu ulipata mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi, zaidi ya shilingi bilioni 225, kutoka Azam. Nilifurahi na bado nafurahi. Ila kumbukeni walinunua kitu ambacho watu walikuwa tayari wamezoea kukitazama. Mbio za magari mtauza nini, hadithi? Ndiyo maana madereva wetu wanajilipia wenyewe, na kijana ambaye nyumbani kwao hakuna pesa ya kununua gari la mbio anabaki kushika spana maisha yake yote. Majirani walishalijua hili. Mwaka 2022, huko Naivasha, Maxine Wahome, binti wa Kenya, alishinda daraja la WRC3, na mabinti wa Kenya walimwona anashinda. Wa kwetu akishinda kesho, nani atamwona?

Suala la leseni nalijua pia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilileta leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na vijana wanaopenda mbio wanaogopa kurusha wasije wakapata matatizo. Basi wanaosimamia mbio wakate leseni moja kwa jina la mchezo, vijana wafanye kazi chini yake. Ni shughuli ya ofisini, imalizwe ofisini.

Na watoto wanaosimama upande wa nje wa kona, mahali ambapo gari likikosea ndipo linapoangukia, wanasimama pale kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuonea. Kila raundi naomba Mungu. Msingoje mpaka tuwe na majina ya kuandika kwenye jiwe.

Sasa ninyi wa Bunda. Mnanichosha, na hakuna watu ninaowapenda zaidi. Mnaniandikia usiku wa manane kunieleza goti la mchezaji wa Arsenal. Mnaomba hela ya mkeka, nakataa, mnanuna. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba amekwenda kwa afisa michezo wa wilaya kuuliza kwa nini mbio za nchi yetu hazionekani, au nini kinatakiwa ili raundi moja iletwe Mara. Mna barabara za vumbi ambazo Mfini angezilipia kuzikanyaga. Mna mafundi wanaofungua injini ya Subaru chini ya mwembe na kuirudisha bila kubakiza bolti. Sikia mura, wewe unayejijua: uliniambia unajua kutofautisha magari kwa mlio tu. Mlio huo unausikilizia wapi, kama si kwenye vipande vya mbio za watu wengine?

Najua mtasema aliyekimbia hana haki ya kupanga. Semeni. Niliondoka kwa miguu yangu, na hela ninayotuma kila mwezi haijawahi kumpeleka mama hospitali kwa kumshika mkono. Lakini hilo halifanyi karatasi iliyokunjwa kuwa matangazo. Na kuna jambo jingine ambalo sijawahi kuwaambia kwenye simu. Tangu nitoke, kila mara mliponirushia nyumbani mubashara, kulikuwa na jeneza. Ndiyo picha za nyumbani nilizonazo: turubai, viti vya plastiki, watu ninaowapenda wakilia. Nataka Jumamosi moja nifungue simu nione vumbi la nchi yangu na watu wangu wakishangilia, na nipige kelele huku hadi majirani wagonge ukuta.

Kwa hiyo tufanye hivi. Simu mbili na stendi zake nitazituma na jamaa anayekuja Mwanza mwezi ujao, azikabidhi kwa mdogo wangu. Bando la raundi ya kwanza nalipa mimi. Ninyi mnaoandaa mbio, nipeni jina la mtu atakayewapokea vijana hawa na kuwaonyesha mahali salama pa kusimama. Na wewe mdogo wangu, andika barua fupi ya maombi, kusanya sahihi kuanzia gereji hadi stendi, ipeleke kwa afisa michezo, upate mhuri wa kupokelewa kwenye nakala. Ukishaupata, nipigie picha. Iliyonyooka, isomeke yote.

Ndugu yenu,
Jyväskylä, Ufini