Kanisa Si Kuta

Wako wasemao ya kuwa barabara na reli ndizo zilizoiharibu imani ya watu wa Makambako. Neno hili hatulikubali. Wamisionari wa Berlin walifika Kidugala mwaka 1898 wakiwa wageni. Basi Injili yenyewe ilikuja kwa safari. Nao walipoondolewa kwa sababu ya vita vya 1914–1918, Ukristo haukufa Ubena, kwa maana walimu na wazee wenyeji waliwakusanya watu, wakasali pamoja.

Reli ya TAZARA ilikamilika mwaka 1975, na mji wetu umezidi kupata watu wa makabila mengi. Je, twawapokeaje? Jumapili twaketi nao benchi moja. Jumatatu hatuyajui majina yao. Mwenye sadaka kubwa twamtangaza; mpangaji augua chumbani peke yake, wala hapana amwendeaye. Zamani mgonjwa alitunzwa na ukoo wake. Huyu ukoo wake uko mbali. Ni nani basi ukoo wake hapa, kama si sisi?

Tusiilaumu dunia kwa kubadilika. Washarika wasiojuana wamejenga kuta. Kanisa hawajalijenga bado.