Aliyenunua Kompyuta Awe na Funguo Zake

Ukibonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta, kabla nembo ya Windows haijatokea, kuna programu ndogo ndani ya chipu ya ubao mkuu ambayo huamka kwanza. Mafundi wengi bado wanaiita BIOS, ingawa mashine za miaka hii zinatumia UEFI iliyochukua nafasi yake. Zamani ilikagua kumbukumbu na diski, kisha ikakabidhi kazi kwa mfumo endeshi wowote iliyoukuta. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, imepewa kazi nyingine: kukagua saini ya kidijitali ya mfumo huo na kuukataa ikiwa hautambuliki kwa funguo zilizohifadhiwa ndani ya mashine. Utaratibu huo unaitwa Secure Boot, na katika kompyuta nyingi zinazouzwa madukani funguo zinazotegemewa ni za Microsoft. Ukaguzi wenyewe ni jambo jema. Ninachodai ni kwamba mwenye mali abaki na neno la mwisho juu ya mfumo upi uruhusiwe, na kwamba haki hiyo ilindwe kwa kanuni badala ya kuachwa kwenye hisani ya kampuni.

Hisani hubadilika, na ushahidi upo. Mwaka 2012 Microsoft iliwapa masharti watengenezaji waliotaka nembo ya Windows 8. Kompyuta za kawaida, zenye chipu za Intel na AMD, zilipaswa kumwachia mwenyewe njia ya kuzima Secure Boot na kuweka funguo zake. Kwa vifaa vyenye chipu za ARM sharti lilikuwa kinyume kabisa: isiwezekane kuizima. Miaka mitatu baadaye, Windows 10 ilipokuja, lile sharti la kwanza lililegezwa, na mtengenezaji akaachiwa aamue mwenyewe kama kompyuta ya kawaida itakuwa na njia hiyo au la. Wengi wameendelea kuiacha ibaki, lakini hakuna tena kanuni inayowabana.

Tazama yaliyoipata Surface RT, tableti ya ARM iliyoanza kuuzwa Oktoba 2012. Haikupewa Windows 10, na masasisho ya usalama ya mfumo wake yalikoma Januari 2023. Kioo kinaweza kuwa kizima na betri ikashika chaji, lakini aliyeinunua hakuachiwa njia halali ya kuweka mfumo mwingine. Mwaka 2016 watafiti walifichua kasoro iliyowezesha kufuli hilo kufunguliwa, na Microsoft ikatoa viraka vya kuiziba. Mtu alilazimika kutegemea tundu la usalama ili atumie kifaa alicholipia kwa fedha yake. Hilo halikubaliki.

Watetezi wa kufuli husema bila hilo virusi vitajipenyeza chini ya mfumo endeshi, mahali ambapo programu za kupambana na virusi hazifiki. Hofu hiyo ni ya kweli. Mwaka 2018 kampuni ya ESET ilieleza kuhusu LoJax, programu hasidi iliyojificha ndani ya UEFI yenyewe. Lakini kumpa mwenye mashine mamlaka hakumfungulii mdukuzi mlango, kwa sababu mipangilio hii hubadilishwa kwenye menyu ya kabla ya kuwasha, na mtu aliyekaa mbele ya kibodi akibonyeza F2 au Delete. Programu hasidi iliyotumwa kwa barua pepe haina vidole. Tena kufuli lenyewe si kamilifu: BlackLotus, programu hasidi iliyochambuliwa mwaka 2023, ilipita Secure Boot kwenye Windows 11 kwa kutumia faili za zamani zenye kasoro ambazo bado zilikuwa na saini halali ya Microsoft. Na mwaka 2024 iligundulika kuwa mamia ya aina za kompyuta zilikuwa zimeuzwa na ufunguo wa majaribio, ulioandikwa waziwazi kwamba usiaminiwe. Mlinzi wa namna hiyo langoni kwako lazima uwe na uwezo wa kumbadilisha.

Wengine watasema mfumo endeshi wa Linux haujazuiwa, kwani matoleo yake ya Ubuntu na Fedora huwaka hata Secure Boot ikiwa imewashwa. Ni kweli, kwa sababu Microsoft husaini kipande chao cha kuanzia. Ruhusa ya mshindani ni msingi dhaifu wa kujengea uhuru. Mwaka 2022 baadhi ya kompyuta za ThinkPad zilitoka kiwandani huku ufunguo unaotambua saini hizo umezimwa, na mtumiaji alipaswa kuingia kwenye menyu kuuwasha. Menyu ilikuwepo. Kama isingekuwepo, mambo yangeishia hapo.

Suala hili linatugusa sisi tunaonunua mitumba zaidi kuliko wanaonunua mpya. Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Laptopu nyingi za mitumba katika maduka ya Kariakoo na ya katikati ya Nairobi hazifikii vigezo hivyo, ilhali zingeweza kumtumikia mwanafunzi au karani miaka mingi zikiwekewa Linux. Nyingine zilitoka kwenye ofisi za ng'ambo na bado zina nywila ya BIOS ya mwajiri wa zamani. Katika aina nyingi za kiofisi, hata kuchomoa betri ndogo ya ubao hakuifuti. Mnunuzi akitaka kuwasha kwa flashi anakuta mlango umefungwa, na muuzaji hakumwambia.

Serikali zetu hununua kompyuta kwa maelfu kwa ajili ya shule na ofisi za umma, na hapo ndipo pa kuanzia. Hati za zabuni ziwe na kifungu kinachotaka kila kompyuta impe mwenyewe njia ya kuzima Secure Boot na kuweka funguo zake, na ikabidhiwe bila nywila ya mtu mwingine. Nawe msomaji, kabla hujalipia laptopu, mwambie muuzaji aiwashe, aingie kwenye BIOS mbele yako, akuonyeshe kuwa Secure Boot inazimika. Ikishindikana, mwachie mashine yake.