Bastola Ndani ya Mkoba wa Mama



Mwezi huu tulikusudia kuandika juu ya minyoo kwa watoto wa shule. Minyoo itasubiri. Tumepokea barua ya kurasa nne kutoka Mikumi, tumeisoma mara tatu, na tumeona si ya kuwekwa kabatini hadi mwezi ujao.

Aliyeandika ni mama wa watoto watatu. Wa mwisho ana miaka mitatu na nusu. Mume wake hununua mpunga na mahindi katika vijiji vya Zombo na Ulaya, njia ya kutoka Kilosa. Yeye mwenyewe ana kibanda cha kutuma na kutoa fedha kwa simu karibu na barabara kuu iendayo Iringa, pale yanapolala malori ya Zambia. Usiku hufunga hesabu, kisha hutembea hadi nyumbani na fedha za siku ndani ya mkoba. Jirani yake wa kibanda alishaporwa kwa panga. Basi mume amepata leseni na kununua bastola ndogo, ndogo kiasi cha kuenea kiganjani. Siku ambazo yeye hasafiri humwambia mkewe: "Mama watoto, itie kwenye mkoba wako, nani atajua?" Jumamosi moja alimpeleka shambani akamfundisha kupiga. Walilenga debe. Mama alipiga risasi tatu, debe halikuguswa, na kifundo cha mkono kilimuuma siku mbili.

Anatuuliza mambo mawili. Je, ni dhambi? Na je, akikataa atakuwa amemdharau mumewe?

Mama mpendwa, kwanza tukuambie kwamba hofu yako si ya kuchekwa. Mwanamke anayetembea gizani na fedha za watu anajua anachokiogopa. Nasi wa wilaya ya Kilosa tumeona mengi. Tarehe 8 Desemba 2000, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, watu 38 waliuawa kijijini Rudewa Mbuyuni. Wakati ule baadhi yetu tulikuwa wasichana tu, lakini tunakumbuka wanaume wakisema baada ya mazishi kwamba kila nyumba itafute silaha yake. Maneno hayo yalitoka katika uchungu, na mtu mwenye uchungu habishani nawe.

Juu ya dhambi hatutakaa sana. Akina baba wanapenda kutaja Luka 22, habari za upanga, na akina mama huwajibu kwa Mathayo 26. Tumesikia mabishano hayo katika jumuiya hadi chai ikapoa. Mwulize mchungaji wako. Sisi ni wauguzi, tuzungumze yale tunayoyajua.

Tulimwendea mzee mmoja wa usharika wetu, askari polisi mstaafu. Tulimwamkia, tukamweleza bila kutaja jina la mtu. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Leseni ni ya nani, wanangu?" Tukasema ya mume. Akatikisa kichwa. "Basi mama huyo akikutwa nayo mkobani, yeye ndiye atakayewekwa ndani. Na hata zile risasi tatu za shambani hakuwa na ruhusa ya kuzipiga."

Hili akina mama wengi hawalijui. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, humpa ruhusa mtu anayetajwa katika leseni. Leseni si kama redio au baiskeli, mali ya nyumba nzima. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa, kwa watu wanaomfahamu mwombaji na tabia yake, kisha yanapanda. Wakikaa kumjadili baba, wewe hujajadiliwa. Vivyo hivyo mume akifariki, mjane harithi leseni. Silaha inapelekwa polisi. Tumemjua mjane aliyekaa na bunduki ya marehemu chini ya kitanda miaka miwili kwa kudhani anatunza urithi wa watoto.

Kwa hiyo swali lako la pili, mama, limejibika nusu. Wapo wasomaji watakaotuandikia kwamba mke amtii mumewe. Sawa. Lakini utii hauwezi kuwa wa kubeba kitu ambacho serikali imemruhusu mwingine akibebe.

Tulimwuliza mzee tena, kwa nini debe lilikosekana? Alicheka. Bastola ndogo, alisema, huwadanganya watu kwa udogo wake. Mtutu ukiwa mfupi, kosa dogo la mkono linapeleka risasi mbali. Tena kwa kuwa ni nyepesi, inarudi nyuma kwa nguvu kuliko kubwa yake, ndiyo maana kifundo kiliuma. Askari hufundishwa kwa muda mrefu na hurudia mazoezi, na bado wapo wanaokosa wakiwa karibu. (Wako pia wanaodhani kidude hicho kitawasaidia tembo wakitoka hifadhini usiku kula mahindi. Mzee alisema hao waombewe.)

Nasi tukaongeza letu. Mtu akishtuka, mwili humwaga adrenalini katika damu. Moyo unakimbia, vidole vinakufa ganzi na kutetemeka, macho yanaona kama kupitia bomba. Sisi tuliokaa wodini miaka ishirini bado vidole hututetemeka tukitafuta mshipa wa mtoto mchanga anayezidiwa. Sasa wewe uko njiani, gizani, mtu ana panga hatua mbili mbele yako, na bastola iko chini ya leso, funguo na daftari la hesabu. Utafungua zipu saa ngapi? Na wengi hawatumii panga siku hizi. Hupita na pikipiki wakakwapua mkoba mzima. Hapo mwizi ana fedha na bastola, nawe una kesi ya kujibu kituoni.

Tuje kwa watoto, maana ndiko moyo wetu uliko.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa zamu ya usiku katika hospitali moja. Aliletwa kijana wa miaka tisa kwa pikipiki, amefungwa kanga tatu pajani na zote zimelowa. Baba yake alikuwa na gobole la kufukuzia nguruwe pori. Lilikaa juu ya kenchi, refu kuliko mtoto mwenyewe. Alipandia kinu, akaliteremsha ili awaonyeshe wenzake. Aliishi, tunamshukuru Mungu, ila mguu haukuokolewa. Mama yake alikaa kwenye benchi hadi asubuhi, hakulia. Alirudia neno moja tu: "Nilijua lipo pale juu. Nilijua."

Gobole lile lilihitaji kinu. Bastola ya mkobani haihitaji hata kigoda. Na mama zetu, ni mtoto gani wa miaka mitatu asiyepekua mkoba wa mama yake kutafuta pipi? Hana nguvu ya kidole kimoja, lakini huishika kwa mikono miwili, akaigeuza mtutu umwelekee yeye mwenyewe, akabonyeza kwa vidole gumba viwili.

Msidhani tunatunga. Desemba 2014, katika jimbo la Idaho kule Marekani, mama kijana aliingia dukani na watoto. Alikuwa na kibali, na mkoba wake ulitengenezwa maalumu kwa kubebea bastola, wenye mfuko wake na zipu yake. Mtoto wake wa miaka miwili, aliyeketi ndani ya kigari cha kubebea bidhaa, alifungua, akaitoa, na mama akafa palepale. Mkoba ule alikuwa amepewa na mumewe kama zawadi ya Krismasi.

"Nimewakanya wanangu wasiguse," mama unaandika. Umefanya vema. Lakini katika uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2001 huko Atlanta, wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12 waliachwa kwa makundi madogo katika chumba chenye bastola halisi, isiyo na risasi, iliyofichwa katika droo. Makundi mengi yaliiona, na katika makundi kumi yupo aliyevuta kifyatulio. Karibu wote walioishika walikuwa wameshafundishwa habari za hatari ya silaha. Mtoto husikia, kisha husahau mkono ukishagusa.

Tena jambo moja la chombo chenyewe, ambalo watu wazima pia hukosea. Bastola nyingi ndogo huwekewa risasi ndani ya magazini inayochomekwa kwenye mpini. Mtu akiichomoa hudhani bastola imekuwa tupu. Sivyo. Risasi moja huweza kuwa imeshapanda na kubaki ndani, ikingoja.

Kuna sehemu ya barua tuliyoisoma taratibu. Umeandika kwa mstari mmoja kwamba baba "amebadilika kidogo tangu mpunga wa msimu uliopita uliponyesha mvua akapata hasara", halali, hana raha ya chakula. Mama, mstari huo ndio uliotufanya tuache minyoo. Nyumba yenye mtu aliyekata tamaa, au nyumba yenye wivu na ugomvi, silaha ikae mbali nayo kabisa. Wodini, aliyekunywa sumu ya shambani mara nyingine hutupa saa moja mbili za kumhangaikia, na wengi wakiokoka hawarudii tena. Risasi haitupi saa hizo. Na Mei 2022 nchi nzima ilisikia habari ya mwanamke kijana wa Mwanza aliyeuawa na mumewe kwa bastola nyumbani kwao. Mume naye akajiua. Watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya miji mitatu mwaka 1998: kwa kila mara moja silaha ya nyumbani ilipotumika kujilinda kihalali, zilikuwapo ajali 4, mashambulio au mauaji 7, na watu 11 waliojiua au kujaribu kujiua.

Basi zungumza naye. Si mbele ya watoto, wala siku aliyorudi amechoka. Usianze na bastola, anza na usingizi wake. Mpeleke kituo cha afya, au umwombe rafiki yake anayemsikiliza akae naye. Kisha mwombe kwamba hadi atakapotulia silaha iwe mikononi mwa polisi. Aulize kituoni utaratibu wake. Si aibu. Akikataa hilo, usikubali pungufu ya haya: sanduku la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti, risasi katika sanduku jingine, na ufunguo usikae juu ya kabati ambako kila mtoto wa Tanzania anajua funguo hukaa.

Kuhusu fedha, punguza unachobeba. Zipeleke benki au kwa wakala mkubwa mchana, mara mbili ikibidi, usisubiri usiku. Badilisha njia. Fungeni vibanda pamoja na mwondoke kundi. Mwizi hufuata ratiba, na yako ameshaijua.

Kwa wale wenye gobole la babu nyumbani lisilo na karatasi: mwaka 2023, Septemba na Oktoba, serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha silaha kwa hiari. Ukitangazwa tena, usiuache upite.

Na ikitokea ajali, Mungu apishe mbali, kunja kanga safi, kandamiza juu ya jeraha kwa nguvu za mikono miwili, usifunuefunue kuangalia. Usichokonoe risasi, usimpe majeruhi maji wala chai. Mkimbizeni hospitali, na mtu mwingine aende kituo cha polisi kufuatilia PF3.

Tulimjibu mama huyu kwa barua kabla ya kuandika safu hii. Juzi ametuma ujumbe. Mume amekubali kupimwa. Shinikizo la damu lilikuwa juu, na alimweleza daktari mambo ambayo mkewe hakuyajua, madeni hasa. Bastola bado iko nyumbani, ndani ya sanduku alilochomelea fundi wa Kilosa. Habari ya kuipeleka polisi ameikataa kwa sasa. Mama anasema hajaridhika, na sisi hatujaridhika pamoja naye. Mkoba wake una leso, funguo na daftari. Kibanda anakifunga saa kumi na mbili, na wateja wa usiku wamehamia kwa jirani.