Gurudumu la akiba si pambo la mlango wa nyuma

Mtu akisimama kando ya barabara yoyote kuu jijini Nairobi kwa muda wa robo saa tu, hatakosa kuona gari la kupanda milima lililovishwa matairi makubwa kupita kiasi. Matairi yenyewe ni mapana, yana meno kama ya trekta, na yamejitokeza nje ya bodi. Gari hilo likishapita, utaona gurudumu la akiba, au spea kama tunavyoliita wengi wetu, likining'inia kwenye mlango wa nyuma. Litazame vizuri. Mara nyingi utagundua kwamba ni dogo kuliko yale manne yanayokanyaga barabara. Ndilo lile lile lililokuja na gari siku liliponunuliwa.

Sina ugomvi na mtu anayelipenda gari lake na kulipamba kwa jasho lake mwenyewe. Hoja yangu ni kwamba anayebadilisha matairi manne na kulisahau la tano ameifanya kazi nusu, na nusu iliyosalia yaweza kuwaponza watu ambao hawakushauriwa alipokuwa akinunua.

Kwanza na tuulize, ukubwa huo humfaidi nini mwenye gari? Tuchukue mfano wa tairi la kipimo cha 265/70R16, ambalo si geni katika magari ya aina hii hapa nchini. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu wake kikiwa asilimia 70 ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Ukipiga hesabu, utapata tairi lenye kimo cha milimita 777 hivi. Mwenyewe akiliondoa na kutia la 285/75R16, atapata la milimita 834. Tofauti yake ni milimita 57. Lakini maadamu ekseli iko katikati ya gurudumu, huinuka kwa nusu tu ya tofauti hiyo. Kwa maneno mengine, gharama yote hiyo imemwongezea nafasi ya kupita juu ya mawe isiyofika hata sentimita tatu!

Sikatai kwamba kuna wanaozihitaji sentimita hizo. Anayeendesha gari juu ya mawe ya volkeno huko Marsabit, au katika mchanga wa Chalbi, ana sababu yake. Washindani wa Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1989 kwa nia ya kuchangisha pesa za kuuhifadhi msitu wa Aberdare, wana sababu pia. Lakini hata dereva wa Chalbi atakuambia kwamba kupunguza upepo kwenye matairi humtoa mchangani haraka kuliko kununua makubwa zaidi. Wengi wa wale ninaowaona mjini hawaendi Chalbi. Wanakwenda sokoni.

Hasara zake, kwa upande mwingine, humfuata dereva kila anakokwenda. Tairi la mfano wetu husafiri mbali zaidi kwa asilimia saba katika kila mzunguko, ilhali kipimamwendo huhesabu mizunguko tu na hakijui kwamba tairi limebadilishwa. Ikiwa kilikuwa sahihi hapo awali, mshale ukionyesha kilomita 100 kwa saa, gari litakuwa linakwenda 107. Ukionyesha 80, mwendo halisi unakaribia 86. Kidhibiti mwendo kinachotegemea mizunguko hiyo hiyo hudanganyika vivyo hivyo. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwezi wa Februari mwaka wa 2004 na kuyalazimu magari ya abiria yasizidi kilomita 80 kwa saa, hazikuwekwa ili zikwepwe kwa kubadilisha tairi. Isitoshe, breki ni zile zile za zamani, nazo sasa zatakiwa kusimamisha gurudumu lililo refu na zito zaidi.

Haya yote yanazidi kuwa mabaya siku tairi linapopasuka. Nilipata kusafiri kutoka Baragoi kwenda Maralal katika gari la kukodi lililokuwa na matairi manne mapya, makubwa na ya kupendeza. Miongoni mwa abiria alikuwamo mama mjamzito aliyekuwa akipelekwa hospitalini. Tairi moja la nyuma lilikatwa ubavuni na jiwe. Dereva alitoa jeki iliyokuja na gari, akaipandisha hadi mwisho wake, lakini gurudumu halikuondoka ardhini, kwa kuwa jeki ilitengenezwa kwa kimo cha matairi ya awali. Ikatubidi kupanga mawe chini yake na kuchimba ardhi kwa panga. Tulipofaulu, likafungwa gurudumu la akiba, ambalo lilikuwa dogo na limekaa mlangoni kwa miaka mingi bila kuguswa. Halikutufikisha mbali kabla ya kupasuka. Mama yule alimalizia safari katika lori la mbuzi. Alifika salama, namshukuru Mungu, lakini usalama huo ulikuwa wa bahati, nayo bahati si mpango wa safari.

Hata spea ndogo iliyo nzima haikosi madhara. Katika gari ambalo magurudumu yote manne huvuta wakati wote, gurudumu dogo huzunguka mara nyingi kuliko wenzake, na difu hulazimika kufanya kazi bila kupumzika hadi ipate joto na kulika. Dereva akiifunga difu hiyo kwenye lami, matairi yataburutwa au kitu kitavunjika. Naye anayenunua spea kubwa bila kufikiri huleta balaa jingine, kwani uzito wake hulegeza bawaba za mlango, na likiwekwa juu ya paa, gari huwa jepesi kupinduka kwenye kona. Spea kubwa yahitaji mahali imara pa kufungiwa, pasipoficha taa wala nambari ya gari.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wakinena juu ya ghala. Hawakuwa wameona tairi. Mpira huzeeka hata usipotumika, na jua la kwetu huuharakisha. Ubavuni mwa kila tairi pana tarakimu nne zinazoeleza lilipotengenezwa. Ukisoma 2319, ujue ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Kila mwenye gari na asome tarakimu za spea yake leo.

Najua nitaambiwa kwamba matairi haya ni ghali, na kwamba la tano huongeza robo ya bei. Ni kweli. Lakini pesa hizo hazipotei. Matairi yote matano yakizungushwa kwa zamu, kila moja hupata nafasi ya kupumzika mlangoni, na yote kwa pamoja yatakwenda mbali zaidi kwa kiasi cha robo. Robo iliyolipwa dukani hurudi barabarani, tena spea haizeeki bure.

Kwa hivyo wauzaji wa matairi waache kumhesabia mteja manne na kumwaga kwa tabasamu. Wamuulize kuhusu la tano, jeki na kipimamwendo. Wakaguzi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama wasitosheke kuona kwamba spea ipo. Walinganishe kipimo chake na cha magurudumu mengine. Na mashirika yanayotuma magari kubeba wagonjwa, walimu na chakula cha msaada katika kaunti za kaskazini yawe ya kwanza kuonyesha mfano. Lami ilifika Moyale katika muongo uliopita, lakini mtu akiiacha barabara hiyo kuelekea North Horr au Loiyangalani, hakuna duka la matairi litakalomngojea njiani.

Asiyeweza kununua matano, basi na abaki na kipimo alichokusudia aliyelitengeneza gari. Hapo hakuna aibu yoyote.