Mgeni wa podkasti apewe jembe mapema

Wahenga walimpa mgeni siku mbili za kupumzika, ya tatu wakamkabidhi jembe. Kwenye podkasti hakuna siku ya tatu. Anayesikiliza kule Mau Narok amenunua bando kwa pesa zake, na kila dakika mgeni anayopoteza akiwashukuru waliomwalika inamla yeye.

Naendesha podkasti ya kilimo hapa jijini Nakuru (ulimi bado unateleza na kusema mji, ingawa hati ya jiji tulipata Desemba 1, 2021). Wageni wangu ni wahadhiri kutoka Egerton kule Njoro, maafisa wa kilimo, wauzaji wa mbegu na dawa, na wakulima wenyewe. Niseme bila kuficha: wenye vyeo ndio wanaonitoa jasho. Elimu wanayo tele, ila wamezoea kuhutubia watu wasioweza kuondoka. Aliyeketi chini ya hema barazani atamvumilia mkurugenzi mpaka soda zifike. Msikilizaji wangu ana kidole gumba tu, na anakitumia.

Utawajua kwa salamu. "Itifaki imezingatiwa," anasema, kisha anaanza kuizingatia upya, cheo kwa cheo, mpaka amfikie mzee wa mtaa.

Kuna swali lililotumwa na mkulima wa Kuresoi. Waru zake, yaani viazi, ni aina ya Shangi, mvua imenyesha wiki nzima, majani yana madoa meusi, afanyeje? Mgeni wa siku hiyo, mtu wa kampuni moja ya dawa, alianza na mabadiliko ya tabianchi, akapitia maono ya kampuni, akatua kwenye "wakulima wazingatie kanuni bora." Kanuni gani? Nilimrudisha kwenye swali, akanirudisha kwenye maono. Jibu lenyewe halikuhitaji dakika tano. Huo ni ugonjwa wa baka unaopenda baridi na unyevu, na Shangi haiuwezi. Kuna dawa ya kukinga, inayonyunyizwa kabla madoa hayajaonekana, na kuna ya kutibu. Ukichanganya mambo hayo unamwaga pesa shambani. Kipimo cha pampu ya lita 20 kimeandikwa kwenye lebo, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mgeni huyo aliyatengeneza maisha yake kwa kuuza chupa hizo, lakini lebo hakuitaja hata mara moja.

Linganisha na mama mmoja wa Molo anayekuza mbegu za viazi. Alitoa viazi viwili kwenye kiondo, akaviweka mezani kando ya maikrofoni, na kwa kuwa alijua hakuna anayemwona, akaanza kuvieleza. Hiki machipukizi yake ni marefu na meupe kama minyoo, kilikaa gizani. Hiki yake ni mafupi na manene. Kiliachwa penye mwanga hafifu, na hiki ndicho cha kupanda. Akaongeza kwamba Shangi haina subira, inachipua upesi ukishavuna, kwa hiyo anayepanga kuihifadhi akingoja bei ipande ajue anashindana na saa. Nilipomuuliza kuhusu asidi ya udongo alisema, "Hilo sijui, muulize aliyeupima." Ningekuwa na wageni kumi wa kutamka "sijui" kwa utulivu ule, ningefuta nusu ya vipindi vyangu vya zamani.

Marehemu mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025, alikuwa mwenyeji na si mgeni, lakini wageni wangu wangejifunza kwake. Katika kipindi chake cha redio *Je, Huu ni Ungwana?*, kilichoanza 1966, alikuwa akichukua kitabia kimoja cha watu wa kawaida, anakieleza ukione, kisha anakuachia swali. Kimoja. Wageni wangu huja na kumi na vinne, vyote kwenye slaidi.

Na slaidi ndizo zilizoua semina za Zoom tulizorithi tangu korona. Mtaalamu anazima kamera, anauliza "mnanisikia?", halafu anasoma jedwali ambalo kwenye simu ya mkulima ni kichuguu cha nukta. Mengine ni madogo: funguo za gari zisigongwe mezani, simu izimwe, na ukiwa nyumbani kwenye mabati mvua ikianza, hamia chumba kingine.

Lawama nyingine ni yetu waandaaji. Tunampigia mtu simu, tunamwambia "njoo utuzungumzie viazi," halafu tunashangaa akituzungumzia viazi tangu Adamu. Siku hizi namtumia mgeni maswali ya wasikilizaji kama yalivyoandikwa, makosa na hasira zake humo humo. Wenye vyeo wawili watatu wamekataa kuja baada ya kuyasoma. Mwenzangu wa mitambo ananiambia jina kubwa huvuta watu. Huvuta, ndiyo, kisha huwafukuza kabla ya swali la kwanza kujibiwa.

Swali linalonijia zaidi ya yote ni la gunia. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Mbona basi Elburgon malori bado yanapakia mukorino, gunia lililovishwa kilemba cha waru juu ya mdomo, kwa bei ya gunia moja? Kila afisa niliyemuuliza amesema "tunalifuatilia." Kiti kiko wazi kwa atakayekuja kutaja anayepaswa kulikamata lori hilo, na mkulima ampigie nani simu likiwa bado linapakiwa.