Vitofali vya Uani: Faida Zake na Jinsi Zinavyopotezwa

Katika miji ya Afrika Mashariki, ua wa mchanga uliokuwa ukifagiliwa kila alfajiri kwa ufagio wa chelewa unatoweka. Mahali pake vimetandazwa vitofali vya zege, ambavyo mafundi wa Tanzania huviita pevingi na wale wa Kenya huviita kabro. Huonekana kwenye njia ya gari kutoka langoni hadi barazani, kwenye ua wa nyuma ambako familia hupunga upepo jioni, mbele ya maduka, na hata katika viwanja vya shule. Mwenye nyumba huvichagua kwa sababu mbili: vinapendeza, na vinaondoa tope. Sababu hizo ni za kweli, lakini ndizo dhaifu kuliko zote, kwa maana zege la kumwaga nalo huondoa tope. Ubora wa kitofali umo katika mambo mengine, na kwa bahati mbaya ndiyo mambo ambayo mafundi na wenye nyumba wengi huyaharibu siku ileile ya kutandaza.

Yafaa kwanza kulitazama bamba la zege. Bamba hilo halitulii kamwe. Linapokauka husinyaa, likipigwa na jua hutanuka, na usiku hunywea. Zege hutanuka kwa takriban sehemu 10 katika kila milioni 1 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Bamba lenye urefu wa mita 10, likipata joto la nyuzi 20 zaidi kati ya alfajiri na saa 8 mchana, litarefuka kwa milimita 2. Mwanafunzi wa kidato cha 2 aweza kuihakiki hesabu hiyo kwa penseli. Usiku hutaka kurudi lilikotoka, lakini ardhi iliyo chini yake hulizuia, na hivyo bamba huvutwa. Zege huvumilia sana kukandamizwa, bali nguvu yake ya kuvumilia kuvutwa ni kama sehemu moja tu ya kumi ya hiyo. Matokeo yake ni nyufa. Kitofali cha milimita 200, katika joto lilelile, hurefuka kwa sehemu 4 za mia za milimita, na urefu huo humezwa na mwanya ulio kati yake na jirani yake. Kwa maneno mengine, sakafu ya vitofali haipasuki kwa sababu imekwisha pasuliwa tangu awali, tena kwa mpango.

Hapo huzuka swali la haki. Ikiwa vipande hivyo havikugandishwa pamoja, kwa nini gari lisivididimize kimoja kimoja? Jibu limo katika mchanga. Kati ya kitofali na kitofali huachwa mwanya wa milimita 2 hadi 5, nao hujazwa mchanga mkavu, laini, unaoshindiliwa na kuongezwa mpaka usikubali tena kuingia. Gurudumu likikanyaga kitofali kimoja, hicho hutaka kushuka. Chembe za mchanga zilizobanwa ubavuni mwake hukataa, na kwa msuguano huo sehemu ya uzito hupokewa na majirani, nao huipitisha kwa majirani zao. Ndivyo kundi la vipande vidogo linavyofanya kazi ya bamba pasipo kuwa bamba. Majaribio ya miaka ya 1970 na 1980 yalionyesha pia kwamba mpangilio wa kusuka, ambao vitofali hukingamana kama miyaa katika ukili wa mkeka, hustahimili magurudumu yanayofunga breki na kukata kona kuliko mpangilio wa mistari iliyonyooka. Lakini mkeka usio na kingo hufumuka. Vivyo hivyo sakafu hii huhitaji mawe ya pembeni yaliyokita ardhini, ili mchanga usipate njia ya kutorokea.

Wazo lenyewe si geni. Warumi walianza kujenga barabara ya Via Appia mwaka 312 K.K., na sehemu zake zilizotandazwa mawe zingali zikikanyagwa. Karibu zaidi na jambo hili ni Waholanzi, ambao kwa karne nyingi walitandaza mitaa yao kwa matofali ya udongo wa kuchoma. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, matofali hayo yalipokuwa adimu, wakaanza kuyatengeneza kwa zege. Sababu ya kuyapenda hata hivyo haikuwa urembo. Sehemu kubwa ya nchi yao ina udongo laini unaotitia mwaka hadi mwaka. Waliitaka sakafu inayoweza kuinuliwa, ardhi ikasawazishwa, na vipande vilevile vikarudishwa mahali pake.

Faida hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa zaidi hapa kwetu. Bomba la maji likipasuka chini ya njia ya gari ya zege, fundi huja na nyundo na tindo; akiondoka huacha kiraka kisichofanana na kilichokizunguka, na mzigo wa vifusi kando ya lango. Chini ya vitofali, fundi huhitaji bisibisi mbili za kung'olea kipande cha kwanza, na vingine hufuata kwa mkono. Kitofali cha milimita 200 kwa 100, chenye unene wa milimita 60, kina uzito usiofika kilo 3, na vitofali 50 hufunika mita 1 ya mraba. Kazi ikiisha, vyote hurudi. Katika mji ambao mabomba hutandazwa baada ya nyumba kujengwa, na nyaya baada ya mabomba, sakafu inayofunguka kama mlango ni mali.

Lakini fundi wa kawaida hufanya nini? Huchanganya saruji katika mchanga wa kulalia vitofali, kisha huijaza mianya kwa saruji nyingine, na mwenye nyumba husifu kwamba kazi ni imara. Kwa tendo hilo wameunda upya bamba walilolikimbia, tena bamba dhaifu, lenye mishono mia. Litapasuka pale pale penye mishono. Na siku ya bomba kuvuja, vitofali vitang'oka na meno ya saruji ubavuni, visiweze kukaa tena pamoja. Mafundi hutoa hoja zao: mchanga huchukuliwa na mvua, majani huota, sisimizi huchimba. Hoja hizo zina ukweli. Hata hivyo mchanga uliopungua huongezwa kwa ufagio na toroli moja ya mchanga, kazi ya asubuhi moja. Sakafu inayozama chini ya magurudumu, kwa upande wake, haiponywi kwa saruji ya juu. Ugonjwa wake umo chini: udongo haukushindiliwa, au tabaka la moramu na kokoto halikuwekwa kabisa kwa kuwa halionekani. Mwenye nyumba huhesabu vitofali anavyonunua. Kokoto zilizofukiwa hazihesabu, na kwa hiyo ndizo za kwanza kupunguzwa bei inapomwelemea.

Hapo ndipo jambo la maji linapoingia, nalo haliishii ndani ya ua wa mtu mmoja. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Ua wa mita za mraba 200, ukinyeshewa milimita 50 katika siku moja ya masika, hupokea lita 10,000, yaani tani 10. Ua wa mchanga wa pwani hunywa sehemu kubwa ya maji hayo, yakashuka kwenye tabaka ambalo visima vya mtaa hutekwa. Ua uliozibwa huyatoa langoni. Mtaa wa nyumba 100 za namna hiyo huteremsha tani 1,000 katika mfereji uliochimbwa wakati nyua zote zilikuwa za mchanga. Haitakuwa haki kuvitwika vitofali lawama ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 jijini Dar es Salaam. Mvua ile ilikuwa kubwa mno, na watu wengi walikuwa wakiishi mabondeni. Lakini si haki pia kudhani kwamba maji yanayofurika bondeni hayakutoka popote. Baadhi yake yalitoka kwenye nyua za mlimani.

Wauzaji hupenda kusema kwamba vitofali vyote hupitisha maji. Kwa vitofali vya kawaida maneno hayo ni kweli kwa miezi michache tu, maana vumbi huiziba mianya na maji mengi hutiririka juu. Vinavyopitisha maji kwa hakika ni vile vyenye mianya mipana iliyojazwa kokoto ndogo badala ya mchanga, na chini yake tabaka la kokoto safi zisizo na vumbi. Ikiwa asilimia 30 ya tabaka hilo ni nafasi tupu, unene wa milimita 200 utahifadhi milimita 60 za mvua mpaka udongo uzinywe. Mvua ile ya tani 10 ingelala hapo yote. Ujenzi huo haufai kila mahali. Kwenye udongo wa mfinyanzi maji yatasimama. Karibu na msingi wa nyumba au shimo la maji machafu yataleta hasara. Lakini katika mitaa ya mchanga ya pwani ungefaa sana, na si lazima ua wote ufunikwe: njia mbili za magurudumu zenye majani katikati huligharimu gari si kitu, na mwembe ulio uani utashukuru.

Limebaki suala la kitofali chenyewe. Vingi hufyatuliwa kando ya barabara na huuzwa vikiwa na siku chache, hali nguvu ya zege hupimwa likiwa na siku 28, tena likiwa limemwagiliwa maji ipasavyo katika siku za mwanzo. Kipimo kimoja chaweza kufanyika shuleni kwa mizani, ndoo na tanuri la mkate. Kitofali hukaushwa katika moto mdogo mpaka uzito wake usipungue tena, kisha hulowekwa mpaka usiongezeke tena. Kile kilichokuwa na gramu 2,700 kikafikia 2,840 kimenywa asilimia 5 na ushei. Kile kilichotoka 2,500 hadi 2,750 kimenywa 10. Kiwango cha Ulaya, katika daraja linalodai kipimo hiki, hutaka wastani usizidi asilimia 6. Kabla ya kuloweshwa, vitofali viwili hivyo vikiwa vimewekwa juu ya meza mbele ya darasa, macho hayavitofautishi.