Megawati Pekee Hazitoshi

Kila kituo cha umeme kinapozinduliwa, habari yote hubebwa na tarakimu moja: megawati. Lakini mwananchi anayenunua umeme kwa LUKU hapa Tanzania, au kwa tokeni kule Kenya, hauziwi megawati. Anauziwa yuniti, na kila yuniti ni kilowati-saa moja. Wati hupima nguvu, yaani kasi ya kuzalisha au kutumia umeme. Kilowati-saa hupima nishati, yaani jumla ya umeme uliotumika. Kifaa cha wati 1,000 kikivuta umeme saa nzima humaliza yuniti moja. Taa ya wati 10 huhitaji saa 100 kuimaliza yuniti hiyo hiyo. Ndiyo maana kuandika "kilowati kwa saa" ni kupotosha: wati huzidishwa kwa saa, hazigawanywi.

Chukua Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji. Lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Yote ikizunguka bila kupumzika kwa saa 8,760 za mwaka, ingetoa zaidi ya gigawati-saa 18,500 za nishati. Makadirio ya mradi wenyewe ni takriban 6,000, karibu theluthi tu. Hapo hakuna hitilafu wala udanganyifu, kwa kuwa mto haujai sawasawa mwaka mzima, na mitambo mingine huwekwa kwa ajili ya saa ambazo mahitaji hupanda. Ila aliyepewa 2,115 pekee hana njia ya kulijua hilo. Tena kila chanzo kina tabia yake. Mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, Kenya, hutoka usiku na mchana, masika na kiangazi; paneli za jua hazizalishi kitu giza likiingia. Megawati 100 za jotoardhi na megawati 100 za jua hulingana siku ya kukata utepe, lakini mwaka ukiisha, jotoardhi huwa imetoa nishati mara kadhaa zaidi.

Wapo watakaosema megawati ndizo zinazotuokoa saa moja usiku, kila nyumba inapowasha taa. Ni kweli, na sisemi ziachwe. Lakini mgawo wa umeme huja kwa njia mbili: mitambo haitoshi saa za kilele, au mitambo ipo na maji yamepungua. Bwawa la umeme kama Mtera likikauka, kulifungia mtambo mpya hakuongezi hata yuniti moja. Bila takwimu zote mbili, mwananchi atapimaje kama tiba anayotangaziwa inaufaa ugonjwa? Na anayedhani hesabu hizi ni za wahandisi tu amsikilize mwenye friji ya kuuzia juisi: yeye huhesabu yuniti kila siku.

Wizara za nishati, mashirika ya umeme na sisi waandishi tukitaja megawati za kituo, tutaje pia gigawati-saa zinazotarajiwa kwa mwaka. Mwaka ukiisha, tuchapishe zilizopatikana.